Saa Tisa kwenye Kona ya Tangi

Mwenye pikipiki kubwa ya mbio ambayo matairi yake yalikuwa yamekwisha alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na mtu huyo kila mmoja alimwita Upepo. Jina alipewa na wateja wenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuegesha mbele ya karakana yake akaondoka kabla mzee hajachuchumaa, akafungua kifuniko cha valvu na kupima upepo, hata kama mgeni alikuwa amesimama kuuliza njia tu.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, wa miaka sitini na kidogo. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imefuliwa mpaka ikakaribia kuwa nyeupe, na sikioni alibana kipande cha chaki ya njano kama seremala anavyobana penseli. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele, penye mwanga, alikaa mkewe na cherehani yake nzito ya ngozi. Yeye alishona viti vya pikipiki. Nyuma kulikuwa na mashine ya kuvulia matairi, mashine ya kubalansi magurudumu, na marundo ya matairi mapya yaliyojaza chumba harufu ya mpira. Walikuwa wamefanya kazi hivyo miaka ishirini na mitatu, mgongo kwa mgongo, wakizungumza bila kugeuka.

Upepo hakuuza tairi kabla ya kuuliza. Mteja aliweza kuja na namba zote kichwani, upana, urefu wa ubavu, ukubwa wa rimu, lakini bado aliketishwa kwenye kigoda na kuhojiwa.

"Unaishi wapi? Kazini kwako ni mbali kiasi gani? Unabeba mtu nyuma? Una kilo ngapi, na usinidanganye, tairi lako litaniambia. Mvua ikikukuta njiani, unasimama au unaendelea?"

Kuna mmoja alichoka, akamwambia, "Mzee, mimi nimekuja kununua matairi. Sikuja kuposa."

"Ungekuja kuposa angekuuliza machache," mke alijibu toka kwenye cherehani.

Baada ya maswali, Upepo alichukua kidole gumba cha mteja na kukipitisha juu ya tairi lililochakaa. "Unasikia hapa katikati? Pamelala kama meza. Maana yake wewe ni mtu wa barabara ndefu iliyonyooka. Njoo huku pembeni. Bado pana vinyweleo vya kiwandani. Hujawahi kuilaza pikipiki kwenye kona hata siku moja, kwa hiyo lile tairi la mashindano unaloliota ni la nini?" Halafu humtolea tairi lenye mpira mgumu katikati na laini pembeni, lenye mifereji ya kutosha kutoa maji, humwonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa kama vilivyochapwa ubavuni, na humkataza kabisa kununua pana kuliko rimu inavyotaka eti kwa sababu linajaza macho. La mbele na la nyuma alitaka yawe ndugu. Kuchanganya alikuita kumfunga mtu kiatu kimoja na ndala moja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na angeendelea kuwa hivyo kama si kiangazi kile.

Kiangazi kile vijana wenye pikipiki za mbio waliingiwa na hamu ya matairi ya mashindano. Walikuwa wameyaona kwenye simu zao: meusi, yanang'aa, karibu hayana mfereji, ukiyagusa yananata kidoleni. Wa kwanza Upepo alimkatalia. Kijana akavuka barabara, akayanunua duka la pili lililokuwa limefunguliwa upande wa pili, na kila asubuhi alipopita alipiga honi. Wa pili naye akafanya hivyo hivyo. Wa tatu alipokuja na maneno yale yale, Upepo akasema, "Haya. Lete pikipiki."

Aliuza jozi sita kabla mvua hazijaanza. Hakumketisha mtu kwenye kigoda. Hakuuliza.

Na alijua. Matairi yale hutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, ambako huvishwa blanketi la umeme yapate moto kabla pikipiki haijaguswa. Yakiwa na moto hayabanduki. Yakiwa baridi, kwenye lami ya kawaida, hushika kama sabuni. Aliyafunga, akayabalansi vizuri, akapiga mstari wake wa chaki ya njano penye valvu, akajitia hamnazo.

Mkewe aliona kitu kingine. Mumewe, ambaye hakuwahi kulala mchana maisha yake yote, alianza kusinzia. Ilikuwa kila siku saa tisa, akiwa ameegemea rundo la matairi, kidevu kifuani. Alilala nusu saa, akaamka, akaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. "Uzee umebisha hodi," mke alisema. Yeye akakubali kwamba labda ni uzee.

Tairi la kwanza lilirudi mwanzoni mwa majira ya baridi.

Aliyelileta alikuwa karani wa benki, kijana nadhifu, anayechechemea. Pikipiki ilikuwa juu ya gari la mizigo. Alisimama mlangoni na hakutaka kuingia. Alisema ameshapata wa kuinunua, anataka tu ivuliwe yale matairi ifungwe ya kawaida.

"Pole, mwanangu. Imekuwaje?"

"Niliteleza."

"Wapi?"

"Kona ya Tangi. Saa tisa mchana." Karani alisubiri mzee aongeze kitu. Alikuwa akimtazama kama mtu anayelinganisha picha na sura. Mwishowe akasema, "Mzee, una ndugu mnayefanana?"

"Sina. Tulizaliwa mimi na dada zangu watatu."

"Sawa," karani alisema, akaenda kusubiri garini.

Kona ya Tangi ilikuwa nje ya mji, pale barabara kuu inapofika juu ya mlima na kulizunguka tangi kubwa la saruji la maji kabla ya kuanza kuteremka. Kila mwenye pikipiki ya mbio aliipenda.

Upepo alilivua tairi la nyuma. Sehemu moja ilikuwa imekwanguliwa bapa, ukubwa wa kiganja cha mkono: mtu alibana breki kwa nguvu zake zote, gurudumu likafunga, mpira ukaburuzwa juu ya lami. Kando ya kile kidonda palikuwa na mstari wa chaki ya njano. Alidhani ni wake wa siku ya kufunga. Alikuwa ameshalitundika ukutani alipokumbuka kwamba chaki haimalizi hata kilomita kumi barabarani, na karani alikuwa ametembelea matairi yale miezi miwili.

La pili lilifika wiki tatu baadaye. Mwenyewe, fundi wa maabara ya hospitali, alivunjika mfupa wa bega na hakuja, alimtuma dereva. Kona ya Tangi, dereva alisema. Mchana. Kidonda kilikuwa bapa vile vile, na pembeni yake mstari wa njano, mbichi, unaochafua kidole. Upepo alilitundika kando ya lile la kwanza. Mkewe, ambaye hakupenda kuyaona, alikata kipande cha ngozi bandia akayafunika.

Kisha akaja dada mmoja.

Alikuwa mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa juu, mwanamke mpole wa miaka arobaini hivi, bado amevaa koti lake jeupe. Pikipiki aliyoileta kwa gari ilikuwa ya mdogo wake wa kiume. Ubavu wake mmoja ulikuwa umekwaruzwa kutoka mbele mpaka nyuma. Upepo hakuhitaji kuinama. Aliliona doa bapa na mstari wa njano akiwa amesimama.

"Shikamoo, mzee. Nahitaji matairi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe mzima?"

"Mkono umevunjika. Mengine ni michubuko."

"Hawezi kuja? Safari hii napenda kumuuliza maswali kabla ya kumchagulia."

"Miguu yake mizima. Hataki tu." Dada alivuta koti lake, akatazama cherehani, akatazama sakafu. "Amesema ataendesha tena, lakini matairi nije kuchukua mimi. Na amesema kuna kitu nikuulize kwanza. Usinifikirie vibaya, mimi nimetumwa."

"Uliza."

"Anataka kujua Jumanne ile ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, ulikuwa wapi."

Cherehani ilinyamaza.

"Nilikuwa hapa," Upepo alisema.

"Alikuwa hapa," mkewe alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aligeuka. "Alikuwa amelala pale, juu ya yale matairi. Jumanne hiyo naikumbuka kwa sababu alizungumza usingizini. Nilidhani ananiita, nikaenda."

"Hukuniambia," mumewe alisema.

"Ningekuambia nini? Ulisema, punguza. Ulisema mara tatu. Punguza, mpira haujapata moto."

Mfamasia alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

Kesho yake asubuhi Upepo alivua ovaroli, akavaa shati safi na suruali ya heshima, akaenda kumwona mgonjwa. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya chini, na sebule ilikuwa imegeuzwa nusu kuwa ofisi: huyo mdogo mtu alikuwa mchora ramani za majengo, na kando ya dirisha palikuwa na meza yake pana, taa ya kuinamisha, na karatasi zilizoviringishwa zimejaa ndani ya ndoo. Alikuwa kijana mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta. Alipomwona aliyeingia, aliinuka haraka, akarudi nyuma hatua moja, kisha akaona aibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa tu. Nimekuja na miguu yangu, mlangoni, kama watu wengine."

Dada alileta chai akaiweka, akabaki amesimama.

"Niambie ulichokiona," Upepo alisema.

Mchora ramani alivuta karatasi moja toka chini ya nyingine, akaigeuza, akaisukuma juu ya meza.

Ilichorwa kwa penseli, kwa mkono wa mtu aliyezoea vipimo. Barabara ilikuwepo, na duara la tangi, na kivuli chake kilicholala juu ya lami. Katikati ya kivuli alichuchumaa mzee mwenye ovaroli, chaki mkononi, kichwa ameinua, mdomo wazi. Upepo hakuwahi kujiona akiwa amechuchumaa. Hakuna kioo karakanani. Hata hivyo alijitambua mara moja, kama unavyoitambua sauti ya mtu wa nyumbani kwenye simu.

"Nilitoka kwenye jua nikaingia kivulini, nawe ukawa hapo," mchora ramani alisema. "Hukutokea. Ulikuwepo tu. Hukuniangalia mimi usoni. Ulikuwa unaangalia tairi, vile vile unavyoangalia karakanani kwako. Nikabana breki. Nyuma kukafunga, pikipiki ikalala, mimi na yenyewe tukaburuzika. Nilipopita karibu yako ulinyoosha mkono ukaligusa tairi na chaki. Ukasema kitu."

"Nilisema nini?"

"Nilikuwa na helmeti. Niliona mdomo tu."

Dada na Upepo walitazamana.

"Nilipoinuka hapakuwa na mtu," mchora ramani aliendelea. "Nikatembea kidogo mbele nikaona nilikokuwa naenda. Pale kona inapokaza kuna ukingo wa saruji, na nyuma yake ni hewa tupu. Nilikuwa na mwendo mkubwa, mzee. Siku zote huwa nakata pale kwa mwendo huo huo na nilikuwa najisifu. Kwa matairi yale, kwenye lami ile ya baridi, nisingemaliza kona." Alitazama plasta yake. "Nimeanguka kwa sababu yako, na nimepona kwa sababu yako. Hata sijui nikusalimie vipi."

Upepo aliimaliza chai yake iliyopoa. Kisha alisema jambo alilopaswa kulisema kiangazi. Alisema kwamba matairi yale hayakumfaa, na kwamba alijua tangu siku anayafunga, na kwamba alinyamaza kwa sababu alichoka kuona wateja wakivuka barabara. Alilisema taratibu, mikono juu ya magoti. Mchora ramani alisikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumwambia aondoke.

"Basi niulize hayo maswali yako," alisema.

Upepo akamuuliza pale pale mezani. Kilo sabini na nne. Kazini kilomita thelathini kwenda, thelathini kurudi, mlima katikati. Habebi mtu. Mvua ikimkuta anaendelea, maana wenye nyumba hawamsubiri. Jumapili hupenda kona. Upepo alimchagulia matairi ya michezo ya barabarani, yale yanayopata moto ndani ya kilomita mbili tatu na kuushika hata kwenye unyevu. La nyuma akashusha upana kidogo, lirudi kwenye kipimo alichoandika aliyeitengeneza pikipiki, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limebanwa na rimu likawa na mgongo wa kobe. Mchora ramani alichora umbo la matairi yote mawili pembeni ya karatasi akaelewa mara moja. Hapo ndipo walipofanana na fundi na mteja wake, kwa dakika chache.

Aliporudi, Upepo alimsimulia mkewe kila kitu. Hakumficha hata lile la kujua.

Mke alishona mstari mzima kabla ya kujibu. "Uliuza jozi sita," alisema.

"Sita."

"Karani, wa maabara, na huyu. Bado watatu."

Wawili mke aliwakumbuka kwa viti vyao. Mmoja alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwenye kiti chenye mshono mwekundu. Alipopigiwa simu alikuja jioni hiyo hiyo bila kuuliza, kwa sababu kazi yake ilikuwa imemfundisha kutobishana. Wa pili alikuwa mwalimu wa fizikia. Huyo alicheka kwenye simu, akasema yeye ndiye anayefundisha habari za joto na msuguano, hawezi kufundishwa na muuza mpira. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni. "Nimelipiga hesabu," alisema, na hakueleza zaidi. Wote wawili Upepo aliwabadilishia bila malipo, akawauliza maswali yake yote, akawashika gumba.

Wa sita hakumjua.

Alikumbuka pikipiki, nyekundu, iliyotunzwa. Mwendeshaji hakuvua helmeti. Alisimama nje akazungumza na simu mpaka kazi ikaisha. Anaishi wapi, anafanya kazi gani, anapita njia ipi, hakuna hata moja Upepo alilojua. Mke naye hakumkumbuka, kwa sababu hakushona kiti. Walijaribu kuuliza kwa wengine. Nyekundu zilikuwa nyingi.

Siku moja walifunga karakana mapema, wakaenda wote wawili kwenye Kona ya Tangi. Walifika kabla ya saa tisa wakasimama ukingoni. Jua lilikuwa kali ingawa yalikuwa majira ya baridi. Upepo aliinama akaweka kiganja juu ya lami, ilimchoma. Alipiga hatua kumi, akaingia kwenye kivuli cha tangi, akaweka kiganja tena. Ilikuwa baridi, kama ukuta wa chumba kisichokaliwa. Maji yalikuwa yakivuja toka mahali fulani ndani ya saruji, na sauti yake ilisikika bila tone kuonekana. Chini ya kona waliona ukingo, na nyuma yake vichwa vya miti.

Kwenye lami kulikuwa na mikwaruzo mitatu mieusi. Yote ilianzia mahali pamoja.

Mke aliutazama mwanzo wa ile mikwaruzo kwa muda mrefu. "Kumbe ndipo unapokuja," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa nyumba nyingine ya mumewe.

"Sijawahi kufika hapa tangu nizaliwe isipokuwa kupita na basi."

"Najua."

Walisubiri mpaka saa kumi. Hakuna pikipiki nyekundu iliyopita. Walirudi wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miaka.

Tangu siku hiyo usingizi wa saa tisa uliwagombanisha. Mwanzoni mke alimzuia. Alimpa nyuzi azikunjue, alimtuma dukani, alimmwagia maji usoni akijidai yamemponyoka. "Ukilala unakwenda kuangusha watu," alisema.

"Nisipolala, huyo wa mwisho nani atamwambia?"

Siku mbili baadaye mke akabadili neno. "Basi lala. Mimi nitakaa karibu."

Lakini sasa usingizi ulikataa. Kila saa tisa Upepo aliegemea rundo, akafumba macho, akasikia magari, akasikia mkewe akipumua kando yake, akasikia saa ya ukutani. Hakusinzia hata kidogo. Wiki ikapita, na ya pili. Alikonda. Wateja walimwona ameanza kuinua kichwa kila iliposikika pikipiki kubwa, kama mtu anayengojea matokeo ya hospitali.

Ilikuwa Alhamisi. Mke alikuwa na kiti kikubwa cha kutengeneza upya, na Upepo alikuwa ameketi mkabala naye kwenye kiti cha mbao akimsaidia kufumua mishono ya zamani kwa wembe. Walikuwa wakibishana kuhusu binti yao mkubwa, kama ampeleke mtoto chekechea mwaka huu au asubiri. Saa ya ukutani ilifika tisa, ikapita. Mke alimtazama mumewe. Macho yake yalikuwa wazi, anaongea, anafumua. Ilipokaribia saa tisa na nusu walisikia injini ikishuka mwendo nje.

Pikipiki nyekundu iliingia mpaka kizingitini. Mwendeshaji aliizima, akavua helmeti. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, uso wa mviringo wenye jasho, wala hakufanana na mtu wa kuendesha kitu kama kile. Alimtazama Upepo, akatazama barabara alikotoka, akamtazama tena.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Umefikaje kabla yangu?"

Wembe ulimponyoka Upepo, ukaanguka sakafuni.

"Marahaba. Sijatoka, mwanangu."

"Umenisimamisha sasa hivi kule juu, kwenye tangi."

"Hajatoka," mke alisema. "Nimekaa naye hapa tangu chakula cha mchana. Tunazungumza habari za mjukuu."

Mgeni aliketi kwenye kigoda, akaeleza kwamba yeye ni mpima ardhi, kwamba matairi haya aliyafunga kwa sababu muuzaji wa pikipiki alimwambia yanaipendeza, na kwamba tangu asubuhi alikuwa na wasiwasi na la nyuma, ndiyo maana alikuwa akienda polepole. Alipoingia kivulini aliona mzee amechuchumaa. Akasimama taratibu, bila kuteleza, akainua kioo cha helmeti.

"Tukazungumza," alisema.

"Nilikuambia nini?"

"Kwamba mpira haujapata moto. Kwamba hautapata moto kwa mwendo wangu hata nikienda mpaka kesho. Ukasema niteremke na gia ndogo, nije huku, utanichagulia mengine. Ulikuwa mpole sana, mzee. Ukaniuliza naishi wapi."

"Ukanijibu?"

"Nilikujibu, ndiyo. Ukasema ni mbali."

Upepo alikwenda mpaka kwenye pikipiki. Kwenye tairi la nyuma, ambalo halikuwa na kidonda chochote, ulikuwepo mstari wa njano mpya kabisa. Uliteremka mlima mzima kilomita kumi na mbili na haukufutika. Mke alisimama nyuma yake akauona. Hakuna aliyeugusa. Mpima ardhi aliuliza kama kuna tatizo, wakamwambia hapana.

Alimfungia matairi ya safari, mpira mgumu, mifereji mirefu, ya mtu mnene anayekwenda mbali na mzigo wa vyombo vya kupimia nyuma. Aliifanya kazi hiyo polepole kuliko kazi zote za maisha yake. Alipofikia kupiga mstari wa chaki penye valvu, alisita, akairudisha chaki sikioni, akaweka alama kwa kipande cha utepe wa gundi. Mpima ardhi aliondoka akiwa ameridhika, akapunga mkono.

Matairi yale sita ya nyuma na sita ya mbele Upepo aliyakata kwa msumeno, moja baada ya jingine, asije mtu akayaokota. Hakuuza tena ya aina hiyo. Duka la upande wa pili liliendelea kuyauza kwa muda, na hakuna aliyerudi kutoka mlimani na hadithi yoyote; ni kama lile jambo lilikuwa na orodha yake. Mchora ramani alipona mkono. Jumapili hupita mbele ya karakana, hupunguza mwendo, huinamisha kichwa, lakini mpaka leo hajawahi kuingia ndani. Ule mchoro dada yake aliuleta, akasema hawezi kulala nao nyumba moja. Mke wa Upepo aliupokea. Mumewe hajui alikouweka, na hajauliza.

Jioni ya Alhamisi ile, baada ya mpima ardhi kuondoka, wawili hao waliketi bila kuwasha redio. Mke alirudi kwenye kile kiti kikubwa cha pikipiki, akakamata sindano. Upepo alijaribu kuinuka, akashindwa, akakaa tena, akaanza kujikanda kwa viganja.

"Una nini?" mke aliuliza.

"Magoti. Yanauma kama nimechuchumaa saa nzima."

"Umekaa kwenye kiti mchana kutwa."

"Nilikuwa hapo, najua."

Mke aliweka sindano chini. Alichukua chupa ya mafuta ya kuchua kutoka kwenye droo ya cherehani, akapiga magoti mbele yake, akamkunjia miguu ya ovaroli. Kwenye ngozi ya magoti, chini ya kitambaa safi, palikuwa na chembe ndogo ndogo za lami. Alizipangusa kwa kitambaa, moja moja, akaanza kumchua.